Televisheni ya Kushikiza

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi. Asubuhi hiyo mvua ilianza kabla ya jogoo, mvua nene iliyopiga mabati kama mahindi yanayomwagwa kwenye sinia, ingawa Wizara ilikuwa imetangaza jua. Tangazo halikuwa limefutwa. Kwa hiyo watumishi wa serikali walikwenda kazini bila miavuli, na waliofika wamelowa walisema ni jasho.

Yunisi, fundi cherehani wa Kata ya Kisimani, hakuwa mtumishi. Aliifunika cherehani yake kwa turubai, akaketi kibarazani, akawa anashikiza pindo la sare ya shule. Kushikiza, kwa asiyejua ushonaji, ni kupitisha uzi wa haraka, wa hatua ndefu ndefu, ili kitambaa kitulie mpaka mshono wenyewe upite. Mshono ukishapita, uzi wa kushikiza unafumuliwa na kutupwa. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha, na alidhani dunia nzima inakwenda hivyo, mpaka alipokua akatambua yeye ni raia wa nchi gani.

Nchi yenyewe tuiite nchi tu. Jina lake liko mbele ya kamati. Lililopo ni la kushikiza, na hairuhusiwi kuliandika lisije likazoeleka. Daraja la mtoni ni la kushikiza, la magogo, nalo lilikuwapo Yunisi akiwa msichana wa kusukwa mabutu. Viongozi nao ni wa kushikiza, watu waadilifu, Mungu awape afya, ambao kila mwaka hutukumbusha kwamba wao sio wenyewe. Wenyewe wanakuja.

Na ili mtu asije akatulia na kitu cha kushikiza akasahau kwamba cha kudumu kinakuja, nchi ina desturi moja ambayo haipatikani kwingine: Kiapo cha Kutozoea. Ukipewa kitu cha kushikiza, unaweka mkono juu yake, unaapa mbele ya mashahidi kwamba hutakizoea. Watu wa Kisimani waliapa kutolizoea daraja, na mpaka leo wanalivuka wakishangaa, ili kutimiza. Waliapa kutomzoea Mchungaji Amosi, ambaye ni wa kushikiza, naye amekwisha kuzika nusu ya kanisa.

Yunisi alikuwa bado na uzi mdomoni pale Chausiku, muuza dagaa, alipoingia uani na ndoo kichwani.

"Hodi, mwenye nyumba."

"Karibu, shoga. Mbona umelowa hivyo?"

"Jua hili, mwenzangu," alisema Chausiku akikamua khanga. "Kaa vizuri nikupe habari. Nimemwona Elikana."

Yunisi alitoa uzi mdomoni. Elikana ni mdogo wake, kitinda mimba, aliyekwenda mji mkuu zamani akaajiriwa kwa kushikiza. Mtumishi wa kushikiza hana likizo. Likizo ni ya wa kudumu, na wa kudumu hawajaajiriwa. Kwa hiyo Elikana alikuwa hajakanyaga nyumbani tangu aondoke. Ilikuja sauti yake tu, kwenye simu ndogo ya kitochi.

"Umemwona wapi?"

"Ndani ya televisheni. Makao makuu ya wilaya, kwenye mgahawa wa wakubwa. Nilipeleka dagaa jikoni nikachungulia. Mdogo wako amefunga tai, amesimama mbele ya ramani, anatangaza hali ya hewa. Anainyooshea nchi mkono kama anataka kuinunua."

"Alisemaje?"

"Alisema jua."

Kutoka chumbani ikasikika fimbo ikigonga sakafu. "Nani amemwona Elikana?" Alikuwa Bibi Rakeli, mama yao. Masikio yake yalikuwa yakikua kadiri macho yake yalivyopungua. Alikuwa na presha ya macho, na daktari alikwisha kumwambia Yunisi pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba kilichokwenda hakirudi na kilichobaki kinakwenda. Mvua hizi zikikatika, alisema daktari, usimwekee tena taa. Bibi Rakeli pembeni hakuwa anaona kabisa. Alikuwa anaona mbele tu, kwa kijiduara, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na kila wiki tundu lilikuwa likizibwa kidogo.

"Nipelekeni wilayani," alisema.

"Mama, mto umejaa. Daraja lile hata mbuzi anapita akisali."

"Basi mleteni hapa huyo wa ndani ya televisheni. Sauti yake haitoshi, Yunisi. Sauti ya Elikana inadanganya tangu utotoni. Uso wake ndio haujui kudanganya. Nikimwona mara moja nitajua kama anakula."

Yunisi alitazama mvua. Katika Kata nzima ya Kisimani hapakuwa na televisheni hata moja, na kwa nini hapakuwa na hata moja ni jambo la heshima kubwa kwa taifa.

*

Miaka kadhaa nyuma, Waziri wa Kushikiza wa Mambo ya Kudumu alikuja Kisimani kwa gari lenye vipaza sauti. Alianza kwa kusema yeye si mtu wa maneno mengi, na aliposema hivyo kivuli cha jukwaa kilikuwa upande wa magharibi. Alipomaliza kilikuwa upande wa mashariki.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi yenu imeagiza Kioo Kipya. Kioo hiki ni chembamba kama ganda la kitunguu. Kinakunjwa kama khanga. Kinaonyesha rangi ambazo bado hazina majina, na ninyi mnajua serikali yenu, kamati ya majina imekwisha kuundwa na imekwisha kula chakula cha mchana. Sasa nauliza. Mtu anayeketi leo mbele ya televisheni ya zamani, yenye chogo kama la nguruwe, anaiambia nini kesho? Anaiambia: usije. Je, tuiambie kesho usije?"

"Hapana," watu waliitikia, kwa sababu swali likiulizwa hivyo hakuna jibu jingine.

Jioni ile lori lilipita likakusanya televisheni zote, ili Kioo Kipya kikija kisikute dharau. Watu walibaki wakitazama kuta. Kioo hakikuja. Kila walipokaribia kukisafirisha, huko kinakotengenezwa kilitoka kingine chembamba zaidi, na serikali, kwa kuwapenda watu wake, ilikataa kuwaletea cha zamani.

Hali ingeendelea hivyo kwa amani, lakini mwaka huu wa mvua Waziri alipanga kuizindua siku ya kukisubiri Kioo, na kuonyesha sherehe hizo kwenye televisheni, ndipo msaidizi wake mmoja akauliza nani ataziona. Msaidizi huyo alihamishwa. Hata hivyo swali lake lilibaki ofisini, na wiki ile ile Chausiku alipomwona Elikana ukaja waraka: kila kata ifungue mlango kwa Televisheni za Kushikiza, za bei inayofikika, ziwe nzuri kiasi cha kutoaibisha taifa lakini zisiwe nzuri kiasi cha kupendwa. Kila kaya ichague mbele ya kamati, ilipe na iape. Zisizochukuliwa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi zirudishwe, kwa kuwa hata televisheni za kushikiza zipo Kisimani kwa kushikiza.

Yunisi aliposikia hivyo alipiga magoti pale pale kando ya cherehani akamshukuru Mungu. Alikuwa na akiba ya sare za shule, na mama yake alikuwa bado na tundu la kuchungulia.

*

Kamati ilikaa ofisi ya kata, saa nane mchana. Mwenyekiti alikuwa Mtendaji Fulgensi, kijana mnene mwenye koti lililolowa, ambaye alitia sahihi kwa kalamu ya risasi kwa kuwa naye ni wa kushikiza. Kando yake aliketi Mchungaji Amosi, kuangalia viapo. Mezani palikuwa na televisheni tatu, na ukutani nyuma yao wananchi waliobanana kukwepa jua linalonyesha.

Televisheni ya kwanza ilikuwa bapa, pana kama mlango.

"Hii ina hatari," alisema Mtendaji. "Ni nzuri mno. Mtu akiipeleka nyumbani, Kioo Kipya kikija atasema, kwani hii ina nini? Maneno kama hayo yamewahi kuangusha serikali."

"Si ina doa jeusi pale kwenye kona?" alisema Chausiku.

Mtendaji aliinama akatazama. Uso wake ukachangamka. "Ahsante, mama. Ina doa. Basi inafaa."

Ya pili ilikuwa ya wastani, na hapo kamati iligawanyika, kwa maana kitu cha wastani hakimpi mtu sababu ya kukitamani wala ya kukichukia. Ilirudishwa stoo kwa uchunguzi.

Ya tatu ilikuwa chogo, ndogo, kioo cha inchi kumi na nne, iliyofungwa kamba ya katani kwa sababu mgongo wake ulikuwa unafunguka. Waraka uliiweka pale kama mfano wa kutochagua.

"Naichukua hiyo," alisema Yunisi.

Mtendaji aliweka kalamu chini.

"Dada Yunisi, subiri kidogo. Hii hapa imewekwa ili watu waikatae. Wewe unaitaka kwa nini?"

"Kwa sababu ni ndogo."

"Watu wote duniani wanataka kubwa."

"Anaficha kitu huyu," mtu mmoja alisema nyuma. "Anayechagua kibaya kwa moyo mmoja ana jambo lake."

"Jambo langu ni mama," alisema Yunisi. "Mama anaona kwa tundu, mtendaji. Mkimwekea ile pana kama mlango, ataona pua ya mtu, halafu atafute sikio liko wapi. Hii ndogo, nikimketisha mbali kidogo, uso mzima unaingia ndani ya tundu. Na daktari amesema mvua hizi zikikatika tundu nalo linaziba."

Mtendaji alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Lakini hapo kwenye mvua sitapaandika. Wizara haijatangaza mvua."

"Andika utakavyo, baba. Nipe tu televisheni."

Mtendaji aliiwasha, maana kanuni inasema mtu hawezi kuapa kutokizoea kitu asichokiona kikiwaka. Mchana ule kituo kilikuwa kimefunga. Ilionekana mistari ya rangi tu, nayo ikitetemeka. Yunisi akaambiwa aweke mkono juu ya chogo, aseme: naapa sitaizoea.

Aliweka mkono. Kifuniko kilikuwa cha vuguvugu, kama mgongo wa mtoto aliyetoka kulala. Alifungua mdomo.

Yunisi alikuwa mtu wa sala. Aliamka nayo na kulala nayo, na tangu ajifunze kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni la kanisa, aliogopa kusema neno asilolimaanisha, kwa jinsi maneno yalivyomgharimu kuyapata. Kwa daraja na kwa mchungaji aliapiwa angali mdogo, kwa kinywa cha baba yake. Hiki kilikuwa kiapo chake cha kwanza. Na mkono wake ukiwa pale juu alijiona wazi kabisa: kila jioni ameketi na mama, chai mkononi, Elikana anaingia ndani ya kile kioo na kutoka. Angeizoea kwa wiki moja. Angeizoea mpaka mifupani.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kuapa. Nitaizoea."

Wananchi walicheka kwa wasiwasi. Mtendaji alivua kofia akaivaa tena. "Dada, hakuna anayeuliza kama utaizoea. Kila mtu atazoea. Tunakuomba uape tu."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mashahidi."

"Na Mungu hayupo kati yao?"

Mtendaji alimtazama mchungaji, mchungaji akaitazama dari, na dari ikawadondoshea tone. Hakuna aliyewahi kukataa kiapo hicho. Hapakuwa na kanuni ya kumhukumu, wala ya kumsamehe. Televisheni ilizimwa, ikarudishwa stoo.

*

Siku zilizofuata Yunisi hakutulia. Alishona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto. Alichemsha chai akaenda kutazama njia, akarudi akakuta sufuria imeungua, akaweka nyingine, akaenda tena kutazama njia, kana kwamba ruhusa ingekuja kwa miguu yake. Alisali akiwa amesimama. Akimaliza, alikuwa hakumbuki aliomba nini, anaanza upya.

Chausiku alikuja kumsema. "Shoga, mimi nimeapa na bapa langu lina doa, limekaa sebuleni. Nimelizoea siku ile ile. Ulimi haukukauka."

"Furaha yako, mwenzangu."

"Si furaha, ni akili. Mama yako haoni, wewe unamchagulia Mungu maneno."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa karibu na kweli. Akaenda kwa Mchungaji Amosi, akamkuta anaziba paa la kanisa kwa mfuko wa mbolea.

"Mchungaji, nifanyeje?"

Mchungaji alishuka ngazi. "Mwanangu, wengine huniambia kiapo cha kushikiza ni dhambi ya kushikiza."

"Na wewe unasemaje?"

Alishika ngazi, mvua ikimtiririka shingoni. "Mwaka nilioletwa hapa, watu wote waliapa kutonizoea. Wakati ule nilicheka. Siku hizi mtu akinipenda, najua amevunja kiapo kwa ajili yangu, na sijui nimwombee msamaha au nimshukuru." Alipanda tena ngazi. "Jibu lilikuwa lije na mchungaji wa kudumu."

Usiku ulipoingia mama aliomba ashikwe mkono kwenda kunawa. Mlangoni aligonga bega kwenye kizingiti alichokipita maisha yake yote.

"Kimesogea hiki," alisema.

"Hakijasogea, mama."

"Najua. Ninafanya mzaha."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

*

Lori la kurudisha televisheni lilikwama kwenye tope, kwa hiyo Kamati ilikaa jioni badala ya mchana. Mtendaji alipoinua macho alimwona Yunisi mlangoni, na kando yake Bibi Rakeli na fimbo yake, wote wawili wamejifunika turubai la cherehani.

"Umekuja kuapa, dada?"

"Sijui," alisema Yunisi. Na kweli alikuwa hajui. Alikuwa amefika kwa sababu nyumbani hapakukalika.

"Sisi tuna haraka. Iwasheni."

Chogo iliwekwa mezani, kamba yake ya katani ikiwa bado imefungwa, ikawashwa. Ilifikiri kidogo, kisha ikatoa mwanga. Taarifa ya habari ilikuwa inaisha. Yunisi alimketisha mama yake hatua chache kutoka mezani, akamwinua kidevu polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kupitisha uzi kwenye sindano.

"Hapo," alisema Bibi Rakeli. "Usinisogeze."

Ramani ya nchi ikatokea, na mbele yake kijana mwenye tai. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni.

"Kesho," alisema Elikana, "tunatarajia jua nchi nzima." Na aliposema hivyo, mkono wake ukapanda taratibu ukavuta ncha ya sikio.

Bibi Rakeli akaangua kicheko. "Bado anavuta sikio akidanganya. Nilimchapa kwa hilo sukari ilipoisha kabatini. Angalieni, analivuta tena."

Wote waliangalia. Elikana alisema jua litawaka pia mikoa ya kusini, akavuta sikio. Juu ya vichwa vyao bati lilikuwa likinguruma kiasi kwamba Mtendaji ilibidi aongeze sauti ya televisheni ili kulisikia vizuri jua. Watu wakatazama bati, wakatazama kijana, wakatazama viatu vyao. Mchungaji alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Anakula," alisema Bibi Rakeli kwa sauti nyingine. "Mashavu yale ni ya mtu anayekula."

Mtendaji alipapasa makaratasi. "Bibi, pole. Lakini bila kiapo haitoki hapa. Dada Yunisi, kwa mara ya mwisho."

Yunisi aliutazama mkono wake. Aliusogeza kuelekea kwenye kifuniko, na hakujua, mpaka leo hajui, kama ungetua au ungerudi.

Fimbo ikauzuia katikati ya njia.

"Mkuu wa kaya ni nani?" aliuliza Bibi Rakeli.

Mtendaji alisoma. "Ni wewe, bibi. Lakini tulidhani, kwa hali yako..."

"Hali yangu ndiyo inayofaa. Yunisi, mwanangu, toa mkono. Wewe umekataa kusema uongo, na umefanya vema. Mimi nitasema kweli. Katika kata hii hakuna mwingine anayeweza kukila kiapo hiki akakitimiza." Alisimama, akapapasa hewani mpaka kiganja chake kikakuta lile chogo la vuguvugu. "Mashahidi mpo?"

"Tupo," waliitikia, wengine wakivua kofia.

Ndani ya kioo Elikana alikuwa anakusanya karatasi zake, anaaga. Mama yake hakuyaondoa macho kwake, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, mvua ikinyesha:

"Mimi, Rakeli binti Yoramu, naahidi mbele yenu na mbele za Mungu: televisheni hii sitaizoea. Muda wa kuizoea sina. Nitamtazama huyu kijana kila jioni kama namwona mara ya kwanza, mpaka tundu lizibe, na siku likiziba mtaniongoza nije kuirudisha, kwa mkono wangu huu, ikiwa haijazoeleka hata kidogo."